Utafiti wa mwalimu urudi shuleni kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa walimu wengi wa Kanda ya Ziwa, hasa wale wanaojiandaa kuomba nafasi za shahada ya uzamili ya elimu katika mwaka ujao wa masomo. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika shule ya kata iliyoko ng'ambo ya ghuba, wilayani Sengerema, na shahada hiyo nimeipata nikiwa kazini. Siandiki ili kumkatisha mtu tamaa. Ninachotaka kusema ni kwamba uzamili wetu, kwa jinsi unavyosomwa sasa, humtoa mwalimu darasani hata kama mwenyewe hakukusudia kutoka, na kwamba dawa yake haihitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Mwalimu aruhusiwe kuitafiti shule anayofundisha, kisha awajibike kuyarudisha aliyoyapata kwa wenye shule, kwa lugha wanayoisoma.

Nilianza masomo mwishoni mwa mwaka 2020. Vipindi vyetu vilikuwa vya mwisho wa juma, Jumamosi kutwa na Jumapili nusu siku, kwa hiyo kila Ijumaa kengele ya mwisho ikilia nilikuwa na kazi ya kutoka shuleni kwa bodaboda hadi barabara kuu, kupanda Hiace hadi Busisi na kuwahi kivuko cha kwenda Kigongo, ili nilale Mwanza na asubuhi niwe nimeketi kwenye dawati kama mwanafunzi. Msafiri wa leo anayepita juu ya Daraja la John Pombe Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 19, 2025, huvuka kwa dakika chache na pengine hatauelewa uzito wa maneno haya. Sisi tulisahihishia madaftari kwenye foleni ya kivuko, tukiyalaza juu ya boneti ya gari lililozimwa, huku wauza karanga na mayai ya kuchemsha wakitupitia pembeni. Nakumbuka insha za Kidato cha Pili nilizozirudisha Jumatatu moja zikiwa na madoa ya mafuta ya karanga kwenye pembe, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu kama mwalimu naye husahihisha akiwa na njaa.

Juu ya fedha nitapita haraka, kwa kuwa kila mwalimu anazijua hesabu za mfuko wake. Mwalimu aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe, na makato hayo hayasimami eti kwa sababu amerudi chuoni. Mikopo ya Bodi kwa sehemu kubwa huwaendea wanaosoma shahada ya kwanza, kwa hiyo ada ya uzamili mwalimu huitafuta kwenye SACCOS, benki au zizini kwa baba yake, na hata huko benki hawezi kukopa hadi makato yamwache na chini ya theluthi moja ya mshahara. Wengi wetu darasani tulikuwa tunalipa deni la cheti cha kwanza huku tukitafuta ada ya cheti cha pili.

Ruhusa nayo ina mambo yake. Anayekwenda kusoma kutwa, akiacha kituo cha kazi, anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, na barua yake hupitia kwa mkuu wa shule hadi kufika kwa mkurugenzi wa halmashauri. Akiondoka bila majibu huhesabiwa mtoro kazini kama mtoro mwingine yeyote. Anayesoma mwisho wa juma hudhani hana haja ya kuomba chochote. Nami nilidhani hivyo, mpaka mwenzangu aliponiuliza nitafanyaje mitihani ikipangwa siku za kazi. Barua yangu ilikaa miezi 5 katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kisha nikaambiwa haijawahi kupokelewa, na kilichoniokoa ni nakala yenye muhuri wa mapokezi niliyokuwa nimeihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Wanaoomba mwaka huu nawasihi wasitoke mapokezi bila nakala iliyogongwa muhuri. Nawasihi pia, kabla hawajalipa ada ya fomu, wahakikishe kwamba wastani wa alama zao za shahada ya kwanza unafika 2.7, kwa maana hapo ndipo vyuo vyetu huanzia kuwapokea watu wa uzamili, na nimemwona mtu akilia kwenye ngazi za ofisi ya udahili kwa sababu ya 2.6.

Hayo, pamoja na ugumu wake, ni ya njiani. Lililonifanya nishike kalamu lilitokea nilipotakiwa kuchagua mada ya tasnifu.

Shule yetu ilijengwa kwa nguvu za wananchi katika miaka ile ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na kutoka hapo hadi kwenye mwalo, yaani pwani ya ziwa inapotia nanga mitumbwi ya wavuvi, ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Watoto wetu wengi ni wa wavuvi, wa wachuuzi wa dagaa, na wa wakulima wa mihogo na mpunga. Nikiwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Kwanza, nilikuwa nimeuzoea utoro wao pasipo kuuelewa. Ofisini tulikuwa na majibu yetu ya siku zote, kwamba wazazi hawana mwamko, kwamba watoto wameharibika, kwamba tangu ada ifutwe watu wanaiona elimu kama kitu cha kuokota. Siku moja mwaka 2021 nilikuwa nafunga rejista ya mwezi, nimeketi chini ya kalenda ya Kiislamu ambayo mwalimu mwenzetu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu huibandika ukutani kila mwaka. Macho yaliteleza kutoka kwenye alama za watoro kwenda kwenye tarehe za Hijria, nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote. Tarehe 13, 14 na 15, mwezi unapokuwa mpevu, darasa lilikuwa limejaa. Kuanzia tarehe ishirini na kitu, mwezi unapochelewa kuchomoza na hatimaye kutoonekana kabisa, majina yale yale ya wavulana yalianza kupungua, na yalirudi mwezi mwingine ulipokuwa umeandama na kukua.

Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa sababu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku usio na mbalamwezi. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Wakati wa giza mitumbwi hutoka jioni na kurudi alfajiri, na kila mkono hupata kazi, wa kuvuta wavu, wa kubeba ndoo kutoka mtumbwini, wa kuanika mchangani au juu ya vichanja kabla jua halijapanda. Mbalamwezi ikirudi, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na vijana wao hurudi darasani wakiwa na macho mekundu, lakini wamekuja. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hilo hilo. Giza la wavuvi nililijua tangu utotoni na utoro niliujua tangu siku ya kwanza kazini, na bado ilinichukua shahada moja na miaka 7 ya kufundisha kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Nikaandika pendekezo fupi la utafiti. Nilitaka kulinganisha rejista za miaka 5 za shule yetu na mwandamo wa mwezi, kisha nizungumze na wavulana wenyewe, baba zao na wenye mitumbwi. Msimamizi wangu, mtu mwema aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko muda aliokuwa nao, alilisoma na kunieleza kwa upole kwamba halitapita. Mtafiti hatakiwi kuitafiti shule anayofanyia kazi kwa kuwa atapendelea. Shule moja ni kidogo mno. Na tena mada ya namna hiyo itakosa maandiko yaliyotangulia ya kuirejelea. Alinishauri nichukue shule 4 za jirani na kichwa cha aina inayozoeleka, kile kinachoanza na "mambo yanayoathiri" au "mchango wa", ambacho wajumbe wa jopo wangekipokea bila maswali. Nilikuwa nimechoka na vivuko. Nikakubali.

Tasnifu yangu ikawa juu ya mchango wa wazazi katika mahudhurio ya wanafunzi, katika shule 4 za Halmashauri ya Buchosa. Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikatoka hapo kwenda kwa mkurugenzi, ikapita kwa afisa elimu na kuishia kwa wakuu wa shule, na kila ilipopita iligongwa muhuri, hata mwishoni karatasi yenyewe ilikuwa na wino wa zambarau mwingi kuliko maandishi. Walimu niliwagawia dodoso la Kiingereza, wakalijaza wakati wa chai huku wakiulizana maana ya maneno mawili matatu. Wazazi niliwahoji kwa Kiswahili, na wazee wachache kwa Kisukuma. Usiku nililala na kamusi, nikiyageuza maneno yao yawe Kiingereza cha tasnifu.

Katika kugeuza huko ndipo nilipoanza kuona aibu. Bibi mmoja niliyemkuta mwaloni akichambua dagaa juu ya kipande cha wavu mkuukuu, mlezi wa mjukuu aliyekuwa Kidato cha Tatu, alisema kwamba mjukuu wake "ananisaidia". Neno hilo lilinisumbua usiku kucha. Kwake lilikuwa na heshima, lilimaanisha kijana aliyelelewa akaleleka. Kufikia rasimu ya tatu lilikuwa limegeuka kuwa ajira ya watoto, kwa sababu maandiko niliyotakiwa kuyarejelea yaliita hivyo, na hakuna aliyelitilia shaka. Bibi huyo huyo, nilipofunga daftari na kumshukuru, aliniangalia bila kuacha kuchambua akasema, "Mwalimu, umekuja kuniuliza. Utarudi lini kuniambia?" Nikamjibu kwamba nitarudi, kama wanavyojibu watafiti wote.

Niliitetea tasnifu mwaka 2023, ikiwa na kurasa 112. Nakala moja iko maktaba ya chuo na nyingine iko nyumbani kwangu, kabatini, juu ya sahani za wageni. Hakuna mkuu wa shule hata mmoja kati ya wale wanne aliyepata nakala, na mimi sikuwapelekea. Hata ningewapelekea, sidhani kama mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki angekaa na kurasa 112 za Kiingereza kizito ili ajue nini alichokisema mzazi wake kwa Kiswahili. Mwajiri wangu alipokea cheti, kikaingia kwenye jalada langu. Nilianza kazi na daraja la mshahara la TGTS D kama wenzangu wote wenye shahada ya kwanza, na kupanda kwangu tangu hapo kumefuata miaka ya utumishi, kabla ya cheti hicho na baada yake.

Niliporudi shuleni na habari kwamba nimehitimu, wenzangu walinipongeza, wakanunua soda, na kila mmoja akaniuliza swali moja: "Sasa unahamia wapi?" Hakuna aliyeniuliza nimejifunza nini. Hata mkuu wangu wa shule, mtu ninayemheshimu sana, alianza kuniondoa kwenye ratiba ya muhula uliofuata akiamini kwamba nitaondoka. Ni kweli kwamba baadhi ya niliosoma nao wameondoka, wengine kwenda vyuoni, wengine kwenye ofisi za halmashauri, na watu husema wamekimbia chaki. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyejilipia ada kwa mkopo, akalala vituoni, akaandika kitu ambacho shule yake haina habari nacho, ana nini cha kumrudisha kwenye ubao ule ule? Masomo yenyewe yamekwisha kumfundisha kwamba shule yake haifai hata kutafitiwa.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wasomi wenzangu wataninunia. Kila mtu aliyepita chuo chochote nchini anajua kwamba wako watu wanaowaandikia wengine tasnifu kwa malipo, na kwamba kazi hiyo hufanyika kwenye steshenari mchana kweupe. Tumelilalamikia sana kama suala la maadili, na ni la maadili. Lakini mada ya "mambo yanayoathiri" katika shule 4 ambazo mwanafunzi hazijui inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kompyuta, maana haimhitaji aliyeisajili. Habari za rejista yangu na kalenda ya mwalimu mwenzangu zisingeweza kuandikwa na kijana wa steshenari, hata angelipwa mara mbili.

Turudi kwenye hofu ya upendeleo, kwa kuwa ndiyo hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu na sitaki kuipita kama sijaiona. Ni kweli kwamba mwalimu ana mamlaka juu ya mwanafunzi wake, na mtoto anayeulizwa na mwalimu wa darasa kwa nini hakuja shule atajibu kile kitakachomwokoa na adhabu. Ni kweli pia kwamba mkuu wa shule hatapenda uchafu wa nyumbani kwake uanikwe chuoni. Hata hivyo yapo ya kufanya. Mahojiano na wanafunzi yanaweza kufanywa na mwalimu wa shule jirani ambaye naye anatafiti kwake, wakabadilishana. Majina ya watoto na ya shule yanaweza kufichwa, kama yanavyofichwa hata sasa. Msimamizi anaweza kuja siku moja kuiona rejista kwa macho yake, na kwa daraja lililopo sasa safari hiyo ya kuja upande wetu si ya kulala njiani. Tena niulize, ni upendeleo gani ulio mkubwa kuliko wa mgeni anayefika na dodoso asubuhi na kuondoka mchana, akichukua kile ambacho mwalimu wa zamu ameona kinafaa kuonwa? Kuhusu wakuu wa shule wanaoogopa, wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na utoro wa shule ya kata haujawahi kufichika kijijini.

Wala sidai kwamba kila tasnifu iwe ya shule moja. Anayetaka kwenda kufundisha chuoni, au kufanya kazi ya sera, na apewe shule 40. Nazungumzia mwalimu anayesoma akiwa kazini na anayekusudia kubaki kazini, ambaye nadhani ndiye aliyejaza madarasa ya Jumamosi.

Jambo la lugha linakwenda sambamba na hili. Najua kwamba sekondari na vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na mjadala huo ni mkubwa kuliko barua hii. Lakini wanaosoma uzamili wa Kiswahili katika vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, huandika tasnifu zao kwa Kiswahili, kuanzia nadharia hadi hitimisho, na hazijapungua usomi kwa hilo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba lugha haitoshi. Mimi naomba kidogo sana. Kila mwanafunzi wa uzamili wa elimu aandike muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa 4, unaosema alikwenda wapi, aliona nini na anadhani kifanyike nini, aufikishe katika kila shule aliyoitafiti na katika ofisi ya elimu ya halmashauri, na arudi chuoni na mihuri ya mapokezi kabla ya kupewa cheti. Njia tayari ipo. Barua ile iliyonifungulia milango, iliyotoka mkoani hadi shuleni ikigongwa mihuri ya kuingilia, inaweza kabisa kuwa na nafasi ya mihuri ya kutokea.

Na mahali pa kuyapeleka hayo matokeo papo pia. Walimu tunakutana katika mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambayo yanatutaka tujifunze sisi kwa sisi kutokana na matatizo ya madarasa yetu. Mara nyingi tunakutana, tunasaini, tunasoma moduli kwa sauti na kutawanyika. Halmashauri inayo majalada yenye vyeti vyetu na inaweza kuhesabu kwa siku moja ina walimu wangapi wenye uzamili na walitafiti nini. Ikiwaomba waongoze vikao hivyo kwa yale waliyoyaona wenyewe, haitalipa posho ya mkufunzi kutoka mbali, na mtaala ulioboreshwa, ambao umeanza kutekelezwa mwaka 2024, utapata watu wa kuusema kwa mifano ya shule za huku. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, nayo ingefanya vyema kuitazama kazi ya namna hiyo inapofikiria kupandisha watu madaraja. Sijui kama hilo litawezekana upesi. Hayo mengine yanawezekana muhula ujao.

Nasema hivyo kwa sababu tumejaribu. Mwaka jana nilimwomba mkuu wangu wa shule dakika 40 katika kikao cha MEWAKA, nikabandika ukutani rejista za miaka 2 na kalenda ya Kiislamu kando yake. Kwanza walicheka. Kisha mwalimu wa Jiografia akasimama, akaenda ukutani, akaanza kufuatisha tarehe kwa kidole, na chumba kikanyamaza. Tulikubaliana majaribio ya kila mwezi yasogezwe kwenye wiki za mbalamwezi, na kwamba katika wiki za giza mada mpya za Hisabati zisianzishwe siku za mwanzo wa wiki. Wanaofanya majaribio wameongezeka, ingawa sitadai zaidi ya hapo, kwa kuwa ni shule moja na ni mihula 2 tu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena ninahamia wapi.

Likizo iliyopita nilitimiza ahadi niliyokuwa nimeitoa kwa mdomo tu. Niliandika kurasa 2 za Kiswahili, nikieleza yale ya shule 4 za Buchosa na yale ya mwezi na rejista yetu, nikampelekea yule bibi. Nilimkuta pale pale mwaloni. Alisema macho yake hayasomi, akaniambia nimsomee, na wanawake wengine watatu wakasogea na nyungo zao. Nilisoma yote. Walicheka nilipofika kwenye macho mekundu ya wavulana. Nilipomaliza bibi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na wasichana umewaacha wapi?"

Nikamwambia kwamba rejista inaonyesha wasichana wanakuja, giza kwa mbalamwezi. Akatikisa kichwa. "Mnawaandika asubuhi," akasema. "Mawingu yakitanda saa nne, nani anakuja hapa kuanua dagaa?" Wale wengine wakaitikia wote kwa pamoja, kama watu wanaomfundisha mtoto jambo lililo wazi.

Jopo la chuo lilikuwa na watu 5 na hakuna aliyeniuliza swali hilo. Tangu muhula huu ulipoanza tunaita majina mara 2, asubuhi na baada ya mapumziko. Wiki iliyopita, Jumatano, kulipambazuka jua kali, kisha wingu likapanda upande wa ziwa kabla ya saa tano. Kidato cha Kwanza asubuhi walikuwapo wasichana 34. Baada ya mapumziko niliwaita, wakaitika 21.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa sekondari,
Sengerema, Mwanza.
(Naomba jina langu lihifadhiwe.)